Alan Blumlein: Mwasisi wa sterio aliyefichwa na siri za vita

Ukiigeuza amplifaya ya nyumbani na kuutazama mgongo wake, utaziona soketi mbili ndogo za mviringo zilizoandamana kama pacha, moja nyekundu na nyingine nyeupe. Nyekundu ni ya upande wa kulia, nyeupe ni ya kushoto. Kando yake pana vibanio vya nyaya za spika, navyo pia vimepangwa jozi jozi.

Wapo wapenzi wa muziki wasioridhika na soketi zilizotoka kiwandani. Madini yake hushika kutu, plagi hulegea, na kila waya unapoguswa spika hukwaruza au upande mmoja ukanyamaza kabisa. Mafundi wa Barabara ya Luthuli jijini Nairobi wanaujua ugonjwa huo. Dawa yake ni kuing'oa soketi kuukuu, kulehemu nyingine iliyopakwa dhahabu isiyoshika kutu, na kuviondoa vibanio vya springi ili mahali pake pawekwe vya kukazwa kwa skrubu. Wengine huziacha hata hizo soketi za mviringo, ambazo huitwa RCA kwa jina la kampuni ya Marekani iliyozizua katika miaka ya 1930, wakaweka zile kubwa za pini tatu ziitwazo XLR, za namna itumiwayo studioni.

Ni nadra, hata hivyo, kwa fundi au mteja wake kujiuliza kwa nini soketi ziwe mbili wala si moja. Anayestahili kutajwa katika jibu la swali hilo ni mhandisi Mwingereza, Alan Dower Blumlein, aliyeaga dunia Juni 7, 1942 akiwa na umri wa miaka 38. Aliacha hataza 128. Wahandisi wa sauti wanamtaja kwa heshima, na katika maabara za fizikia lipo hata pigo la umeme linalozalishwa kwa mtambo unaoitwa kwa jina lake. Lakini umma ulionunua mamilioni ya redio na santuri za sterio haukupata kumjua. Kisa cha kutojulikana huko ni kirefu, na si cha bahati mbaya pekee.

Kengele ya mlango

Blumlein alizaliwa Juni 29, 1903 katika mtaa wa Hampstead, London. Babake, Semmy Blumlein, alikuwa mhandisi wa madini, Mjerumani kwa kuzaliwa aliyechukua uraia wa Uingereza. Mamake, Jessie, alikuwa bintiye William Dower, Mskoti aliyetumwa Afrika Kusini na shirika la London Missionary Society kuhubiri Injili. Jina la kati la mhandisi huyu limetoka kwa babu huyo.

Husimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka saba aliitengeneza kengele ya umeme ya mlango wa nyumba yao, kisha akamwandikia babake ankara ya kazi hiyo na kutia sahihi kama mhandisi wa umeme. Husimuliwa pia kwamba kijana huyo hakujua kusoma sawasawa hadi alipokaribia umri wa miaka 13, ingawa hesabu za aljebra alikuwa akizifanya bila taabu. Mwalimu wa leo angemwona mtoto wa namna hiyo kuwa na tatizo linalohitaji uangalizi. Enzi hizo wengi waliachwa wazame.

Yeye hakuzama. Alisoma katika Highgate School, akapata ufadhili wa kujiunga na City and Guilds College ya London, akaanzia mwaka wa pili na kuhitimu kwa daraja la kwanza. Mnamo 1924 aliajiriwa na kampuni ya International Western Electric, ambayo baadaye iliitwa Standard Telephones and Cables. Huko kazi yake ilikuwa ya simu za masafa marefu. Mazungumzo ya waya mmoja yalikuwa yakivuja na kusikika katika waya wa jirani, naye akapewa jukumu la kuukomesha uvujaji huo. Alifanya hata vipimo vya namna sikio la binadamu linavyopokea sauti nyembamba na nzito.

Miaka hiyo ya simu ndiyo iliyompa msingi. Aliyejifunza kuuzuia unong'ono usiingie katika waya usiokuwa wake alikuwa tayari amejifunza nusu ya kazi ya amplifaya.

Mnamo 1929 alihamia kampuni ya kurekodi muziki ya Columbia, chini ya Isaac Shoenberg, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa na jicho la kutambua vipaji. Kampuni nyingi za santuri wakati huo zililazimika kuilipa Western Electric ada kwa kutumia mashine yake ya kuchonga santuri. Blumlein aliagizwa atafute njia nyingine ya kuchonga isiyoigusa hataza hiyo, akaipata. Mnamo 1931 Columbia iliungana na Gramophone Company, kampuni mpya ikaitwa EMI, na maabara yake yakawa Hayes, magharibi mwa London.

Jioni ya sinema

Filamu zenye sauti zilikuwa bado mpya. Inasemekana kwamba katika mwaka huo wa 1931 Blumlein alikwenda sinema pamoja na mwalimu wa shule aitwaye Doreen Lane, ambaye alimwoa mnamo 1933. Mwigizaji alikuwa upande mmoja wa pazia lakini sauti yake ikatokea mahali pengine kabisa, kwa sababu spika ilikuwa moja tu. Watazamaji wengine hawakuona ajabu. Yeye alimwambia Doreen kuwa anajua namna ya kuifanya sauti imfuate mtu anapotembea.

Desemba 14, 1931 aliwasilisha ombi la hataza ambalo lilikubaliwa mnamo 1933 na kupewa nambari 394,325. Lina madai 70. Ni nadra waraka mmoja kubeba fani nzima namna hiyo: maikrofoni, amplifaya, spika, filamu na santuri, vyote vimo.

Wazo lenyewe laweza kuelezwa bila hesabu. Mtu akikuita kutoka kushoto, sauti yake hulifikia sikio la kushoto mapema kidogo kuliko la kulia, tena ikiwa na nguvu zaidi. Ubongo huzipima tofauti hizo na kukuonyesha alipo. Blumlein aling'amua kwamba ukiweka spika mbili mbele ya msikilizaji na kuzitofautisha kwa nguvu tu, masikio yote mawili yatazisikia spika zote mbili, na mchanganyiko huo utazaa masikioni tofauti ile ile ya wakati ambayo ubongo umeizoea. Msikilizaji ataisikia sauti ikitoka katikati, au kulia kidogo, mahali pasipokuwa na spika yoyote. Yeye hakuiita sterio. Aliiita kwa neno lenye maana ya masikio mawili.

Ugumu uliobaki ulikuwa wa santuri. Sahani ina mfuo mmoja na sindano moja. Sauti mbili zitapitaje humo? Jibu lake lilikuwa kuutumia kila ukuta wa mfuo. Kuta mbili zinazokutana kwa pembe mraba zinaweza kubeba sauti mbili, ukuta mmoja ya kushoto na wa pili ya kulia, na sindano moja ikazisoma zote kwa pamoja. Santuri za sterio zinazouzwa hadi leo zimechongwa kwa mpango huo.

Mnamo Januari 1934 mitambo yake ilipelekwa katika studio za Abbey Road, London, ambako Sir Thomas Beecham alikuwa akiiongoza okestra katika simfonia ya Mozart iitwayo Jupiter. Mnamo 1935 wenzake walipiga filamu fupi za majaribio: watu wakitembea jukwaani huku wakisema, na magari-moshi yakipita katika stesheni ya Hayes. Rekodi hizo zipo hata sasa. Anayezisikiliza kwa spika mbili huisikia treni ikiingia upande mmoja na kutokea upande wa pili.

Ni haki kusema kwamba hakuwa peke yake duniani. Huko Marekani, maabara ya Bell yalikuwa na utafiti wake, na mnamo 1933 yaliipeleka sauti ya okestra kutoka Philadelphia hadi Washington kwa nyaya tatu na spika tatu. Tofauti ni kwamba Blumlein alifikiria sebule ya mtu wa kawaida: spika mbili, sahani moja, sindano moja.

Hata hivyo EMI iliuweka mradi kabatini. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, na kumwambia mteja anunue amplifaya mbili na spika mbili badala ya moja lilikuwa jambo la mzaha. Aidha, Shoenberg alikuwa na vita vingine vya kupigana, navyo vilihusu runinga.

Kilichomo ndani ya sanduku

Timu ya Shoenberg ilikuwa ikishindana na John Logie Baird, ambaye jina lake ndilo lililokaa vinywani mwa watu. BBC ilipoanza matangazo ya kawaida ya runinga kutoka Alexandra Palace mnamo Novemba 2, 1936, mifumo yote miwili ilitumiwa kwa zamu. Ilipofika Februari 1937 mfumo wa Baird uliachwa. Ule wa EMI wa mistari 405, ambao sehemu nyingi za saketi zake zilikuwa kazi ya Blumlein, uliendelea kutumiwa Uingereza hadi miaka ya 1980.

Katika kazi hiyo ya runinga ndimo mlimotoka saketi inayomhusu moja kwa moja anayetaka kubadilisha soketi za amplifaya yake. Picha zilipaswa kusafirishwa kwa kebo ndefu kupita chini ya barabara za London, ikiwemo siku ya kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita, Mei 12, 1937. Kebo ndefu huokota uchafu wa umeme njiani kama nguo ndefu inavyookota vumbi. Blumlein aliunganisha vali mbili zilizotegemea kikinzani kimoja kirefu, zikawa kama watu wawili kwenye ubao wa bembea: mmoja akipanda, wa pili hushuka. Ishara iliyofika tofauti katika vali hizo ilikuzwa. Ile iliyofika sawasawa katika zote mbili, yaani uchafu, ilijifuta.

Soketi ya XLR hutegemea kanuni hiyo. Pini moja ni ya ardhi. Mbili zinazobaki hubeba muziki ule ule, mmoja ukiwa kinyume cha mwenziwe. Mngurumo wa nyaya za umeme wa nyumba huziingia zote mbili kwa kiasi sawa, na saketi ya kupima tofauti, ambayo hivi leo hutumia transista badala ya vali, huutupa nje. Kwa hivyo anayemlipa fundi amwekee soketi za pini tatu, kisha kwa ndani zikaunganishwa na amplifaya isiyo na saketi hiyo wala transfoma ya kuifanya kazi yake, amenunua pambo. Soketi nzuri ya RCA iliyolehemiwa vyema ingemfaa zaidi. Dhahabu nayo haiongezi utamu wa wimbo. Inazuia kutu, basi.

Mnamo 1937 Blumlein aliandikisha hataza nyingine, ya kuchukua sehemu ya umeme kutoka katikati ya transfoma ya spika na kuurudisha katika vali ili kuipunguza mikwaruzo yake. Mnamo 1951 Wamarekani David Hafler na Herbert Keroes waliitangaza mbinu ya namna hiyo, ikashamiri katika amplifaya za majumbani. Wanaozipenda amplifaya za vali hadi leo huilipia fedha nyingi.

Nati isiyokazwa

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mnamo 1939, maabara ya Hayes yaligeukia rada. Mradi mkubwa wa Blumlein ulikuwa H2S, mtambo wa kubebwa na ndege za mabomu uliowaonyesha wahudumu wa ndege sura ya ardhi iliyo chini yao, hata usiku na hata mawingu yakiwa yametanda. Moyo wake ulikuwa kifaa kiitwacho magnetroni, ambacho Uingereza ilikichunga kama mboni ya jicho.

Juni 7, 1942, siku ya Jumapili, ndege aina ya Halifax yenye nambari V9977 iliruka kutoka uwanja wa Defford kuujaribu mtambo huo. Ndani yake walikuwamo watu 11, miongoni mwao Blumlein na wahandisi wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen. Injini ya nje ya upande wa kulia ilishika moto. Moto haukuzimika, ndege ikaanguka karibu na kijiji cha Welsh Bicknor, katika bonde la Mto Wye. Hakunusurika hata mmoja.

Usiku huo huo Bernard Lovell, mwanasayansi wa mradi ambaye baadaye alisifika kwa darubini kubwa ya redio ya Jodrell Bank, alifika mahali pa ajali kuitafuta magnetroni katika mabaki, isije ikaonwa na asiyestahili.

Uchunguzi ulikifuata chanzo hadi kwenye nati ndogo ya kurekebishia vali ya injini. Katika ukaguzi uliotangulia safari haikukazwa ipasavyo. Ikalegea kwa mtikisiko, vali ikachezacheza hadi shina lake likakatika, na moto wa ndani ya silinda ukapata njia ya kutokea.

Kwa sababu ya siri ya H2S, serikali haikutaka adui ajue kuwa imepoteza kikosi cha namna hiyo kwa siku moja. Habari za kifo chake zilizuiwa. Sisi wa vyumba vya habari twajua kwamba tanzia ina msimu wake: isipochapishwa majuma ya mwanzo, haichapishwi tena kwa uzito unaostahili. Blumlein hakupata tanzia wakati dunia ilipokuwa na nafasi ya kuisoma. Doreen aliachwa na wavulana wawili wadogo, Simon na David, na mengi kuhusu kazi ya mumewe hakuruhusiwa kuyajua.

H2S ilitumiwa vitani kwa mara ya kwanza usiku wa Januari 30, 1943 katika shambulio la Hamburg. Rada ya jamii hiyo hiyo iliwekwa pia katika ndege za kuwinda nyambizi, ikasaidia kuzifungua njia za meli za Atlantiki. Mabomu yaliyoongozwa na mtambo huo yaliua raia wengi, na waandishi wanaomsifu Blumlein aghalabu huliruka jambo hilo. Yeye hakuishi kuliona wala kulijibu.

Sterio yafufuka

Miaka ya 1950 wahandisi wa Westrex nchini Marekani walitengeneza mashine ya kuchonga santuri zenye kuta mbili za mfuo, kila ukuta na sauti yake. Mnamo 1958 santuri za sterio zilimiminika madukani. Watu wakanunua amplifaya zenye njia mbili na soketi mbili. Hataza ya 1931, iliyoueleza mpango ule ule, ilikuwa imekwisha muda wake bila kuwaletea warithi wa Blumlein faida ya kutajika, kwani hata hivyo ilikuwa mali ya mwajiri.

Wenzake walijitahidi kumtetea kwa makala na hotuba. Yupo mtafiti aliyekusanya nyaraka zake katika miaka ya 1970 akiahidi wasifu kamili. Miaka ikapita, kitabu hakikutokea, na wengine waliotaka kuandika wakakosa nyaraka za kuwasaidia. Wasifu mbili, zilizoandikwa na watu wengine, zilichapishwa hatimaye mnamo 1999 na 2000, karibu miongo sita baada ya ajali.

Heshima nazo zilikuja kidogo kidogo. Mnamo 1977 kibao cha buluu kilibandikwa katika nyumba aliyoishi mtaani Ealing, London. Mnamo 1992, miaka 50 baada ya ajali, dirisha la vioo vya rangi la kuwakumbuka wataalamu wa rada waliofariki lilizinduliwa katika kanisa dogo la ngome ya Goodrich, karibu na ndege ilipoangukia. Mnamo 2015 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliweka kibao chake Abbey Road, na mnamo 2017 waandaaji wa tuzo za Grammy walimtunuku tuzo ya ufundi, miaka 75 tangu siku ile ya Welsh Bicknor.